Nani Atamnywea Babu

Tuwan yote, mtaa wetu hapa Kitale, inanijua kwa jina ambalo siwezi kuliweka kwenye barua ya kuomba kazi. Daktari wa Mavi. Hata shehe wetu analijua, ingawa yeye kwa heshima huzunguka na kusema "yule binti wa mambo ya vyoo". Nilisoma afya ya jamii chuo kikuu, nikavaa joho, nikapigwa picha nimeshika karatasi iliyokunjwa, na bado cheo nilichotoka nacho ni hicho. Aliyenipa ni nyanya yangu mwenyewe, aliyemzaa mama, mwanamke aliyenilea tangu sijaota meno. Watu hudhani nilikasirika. Kwa kweli nilikasirika, na mpaka leo hasira haijaisha.

Nyanya alikuwa na kisima. Babu alikichimba nyuma ya nyumba wakati Kitale sehemu ile bado ni mahindi matupu, na kabla hajafa akaacha wasia kwamba kiwe sadaka jaria, yaani kila atakayekunywa maji yale, thawabu yake imfikie babu kaburini, leo na kesho na siku zote, mradi tu watu wanakunywa. Kwetu hayo hayakuwa maneno ya msikitini tu. Ilikuwa kazi. Ukiteka maji lazima useme "Mola amrehemu" kabla kikombe hakijagusa mdomo, na nyanya alikaa barazani akitega sikio. Asiyesema alinyang'anywa kikombe, awe Mwislamu, awe Mkristo. Wapangaji wake wengi walikuwa Wakristo wa kutoka upande wa Bungoma, na nina hakika walimwombea babu rehema kuliko sisi wajukuu.

"Wenzangu wanawakumbuka waume zao Ijumaa kwa Ijumaa," alikuwa akisema. "Mimi wangu namnywesha kila siku."

Hao wapangaji walikuja baada ya babu kufa. Nyanya alijenga vyumba vya mabati kwenye sehemu ya juu ya uwanja, akapata ploti ya kumlisha, na wapangaji walipolalamika hawana pa kwenda haja, akaita vibarua wakamchimbia choo cha shimo hukohuko juu, palipokuwa na nafasi. Alisimama mwenyewe kuwasimamia. Ardhi yetu inateremka kutoka kwenye vyumba kuja kisimani, na mimi nilikulia pale nikiteremka na ndoo bila kuuliza lolote.

Nilipoitwa chuo kikuu, miaka ile ya mwanzo ya elfu mbili, nyanya alizunguka mtaa mzima na leso yake mpya akitangaza kwamba mjukuu wake anakwenda kusomea udaktari. Nikamwambia ni afya ya jamii. Akaniuliza, kama afya si udaktari, basi ni ufundi wa baiskeli? Nikanyamaza, maana nilikuwa na umri wa kufurahia kuitwa daktari. Chuoni walioenda kuwa madaktari wa kweli walitutambua haraka. Tulikuwa tukipita na vitabu vyetu wanaziba pua, wanatuuliza kama leo tumepima shimo la urefu gani. Hawakuwa wakitania kwa upendo. Mmoja wao alinitongoza muhula mzima, na alipojua ninasomea nini akaniacha kwa ujumbe wa simu.

Ukweli ni kwamba hawakukosea sana. Tulisoma mbu, nzi, nyama, chanjo, hesabu za wagonjwa, na tulisoma choo. Choo kiwe upande wa chini wa kisima, kisiwe juu yake. Maji ya ardhini yanatembea polepole, yanabeba yanachokuta. Niliandika hayo yote kwenye mtihani na nikapita vizuri, na nikarudi nyumbani likizo nikanywa maji ya babu, nikasema Mola amrehemu.

Likizo mojawapo, msimu wa mvua, kitoto cha mama wa chapati kilifariki. Huyu mama alikuwa mpangaji wa chumba cha mwisho, Mbukusu, mcheshi, anakaanga chapati karibu na stendi na kurudi jioni akinukia mafuta. Kitoto chake ndiyo kwanza kilikuwa kimeanza kutembea. Kiliharisha, kikatapika, macho yakazama. Nyanya alimwambia mama yake akinyweshe maji ya kisima kwa wingi, maji yale yana baraka, na mama akakinywesha kikombe baada ya kikombe. Mimi nilifika kutoka sokoni kikiwa kimeshafunikwa. Mtaani walisema ni jicho la mtu. Nyanya alitoa sanda, na maji ya kukiosha yalitoka palepale kisimani.

Mwaka wa mwisho nilitumwa Bungoma kwa mazoezi ya kazi, yale tuliyoita atachi. Mama yangu alikuwa ameolewa huko na mwalimu Mkristo, jambo ambalo nyanya hakulisamehe hadi mwisho, kwa hiyo nilikaa kwa mama na nikahesabiwa nimehamia kwa adui. Mkubwa wangu wa kazi alikuwa mzee wa wilaya ile, mpole, mwenye tumbo, na alikuwa na njia yake ya kufanya kazi ambayo chuoni hatukufundishwa. Akifika kijijini anaomba glasi ya maji safi, anauliza nani atakunywa, wote wanasema watakunywa. Halafu anaokota unyasi, anaugusisha kwenye mavi nyuma ya migomba, anautia ndani ya glasi na kukoroga. Maji yanabaki meupe vilevile. Anauliza tena nani atakunywa. Watu wanageuza nyuso, wanawake wanatema mate, na wiki inayofuata ukirudi unakuta mashimo yanachimbwa. Nimeona hivyo kwa macho yangu mpaka karibu na Lwakhakha, mpakani mwa Uganda.

"Wachana na bakteria, bana," aliniambia siku ya kwanza nilipojaribu kuhutubia kitaalamu. "Mtu akisikia bakteria anarara. Mwambie mavi. Hapo ataamka."

Ofisi ilikuwa na chupa ndogo zenye dawa. Unatia maji ndani, unaziacha mahali pa joto, na yakiwa yamechanganyika na kinyesi yanageuka meusi. Mkubwa alituambia kila mwanafunzi alete maji ya kwao, tujifunze. Wenzangu walileta ya mtoni na ya mabwawa. Mimi nilipanda gari hadi Kitale na kurudi na maji ya babu, na nilijisifu njia nzima, kwamba angalau chupa moja pale kabatini itabaki nyeupe ili watu waone maji safi yanavyofanana. Nilimwambia kila mtu ofisini. Ati kisima cha sadaka, kina miaka, hakijawahi kumdhuru mtu.

Asubuhi tulipofungua kabati, chupa yangu ilikuwa nyeusi tititi. Ya mtoni ilikuwa kijivu. Wenzangu walicheka mpaka mmoja akakaa chini, wakaniuliza kama huko Kitale tunateka chooni moja kwa moja. Mkubwa hakucheka. Aliniuliza tu choo kiko upande gani wa kisima, na nikasimama pale nikiwa na jibu ambalo nilikuwa nimelijua tangu mwaka wa pili. Kilichonijia kichwani si babu. Kilikuwa kile kitoto na vile vikombe.

Nikaenda nyumbani na chupa yangu. Nilimkuta nyanya barazani na wapangaji wametapakaa uwanjani, ilikuwa Jumapili, mama wa chapati akifua. Nilianza kwa adabu. Nilimwambia kuna vijidudu. Akaniuliza anavionaje. Nikamwonyesha chupa, akaitazama kwenye mwanga, akasema maji yake ni meupe, weusi huu ni wa dawa yenu. Kisha akanifunga kwa elimu yake, ambayo hakuipata chuo kikuu chochote: maji yakiwa mengi, na hayajabadilika rangi, wala ladha, wala harufu, ni twahara, unatawadhia na unakunywa, na mimi kama nimesahau chuo cha Kurani nirudi nikakae na watoto. Wapangaji wakacheka. Alikuwa na ulimi wa kukata kamba, na siku hiyo alikuwa na hadhara. Akaongeza kwamba akili zangu zimelishwa Bungoma.

Basi nikafanya alivyonifundisha mkubwa. Nikaita kwa sauti, kila mtu asikie.

"Nyanya, mnakunywa mavi."

Bungoma, hapo ndipo watu wanapoinamisha vichwa na kuuliza wachimbe wapi. Kwetu haikuwa hivyo. Mama wa chapati aliacha nguo ikaelea kwenye karai. Nyanya aliinuka polepole, akaingia ndani, akatoka na kikombe chake cha bati, akashuka kisimani, akateka, akasema Mola amrehemu kwa sauti ambayo hata barabarani ilisikika, akanywa mpaka kikombe kikaisha. Kufika alasiri mtaa mzima ulikuwa na habari kwamba nimesema sadaka ya babu yangu ni mavi. Kufika magharibi nilikuwa na jina langu jipya, na alilitamka yeye kwanza, mlangoni, akiwaonyesha majirani kwa kidole: mnataka kumwona daktari wangu, huyu hapa, Daktari wa Mavi.

Shehe aliletwa kusuluhisha. Mtu mzuri, hapendi ugomvi. Alituketisha akasema hata mnyama akinywa ni sadaka, hata mti, kwa hiyo kisima kingeweza kuachiwa mbuzi na bustani, na babu asikose thawabu, na watu wakateke mferejini. Nilidhani tumepona. Nyanya alimsikiliza hadi mwisho, akarekebisha leso.

"Shehe, mume wangu hakuchimbia mbuzi," akasema.

Shehe alipoondoka tulibaki wawili. Nilimweleza, sasa kwa upole, kwamba choo kingeweza kufukiwa, ingawa majirani wa juu nao walikuwa na vyao na ardhi ilishaloa. Nilimweleza kuhusu kuchemsha. Hakuwa akinisikiliza. Alikuwa akipiga hesabu zake, nikaziona zikipita usoni. Akaniuliza kama yule mtoto wa chumba cha mwisho alikunywa. Nikasema alikunywa. Akaniuliza, sasa kama thawabu ya kila anayekunywa inamfikia babu yako, hiyo maiti nayo inamfikia nani?

Chuoni walinifundisha kujibu maswali mengi. Nilimwambia babu alichimba kisima kizuri. Akasema, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, kwamba choo ni yeye aliyekichimbisha. Halafu akanifukuza. Aliniambia nirudi Bungoma nikaokoe wanaotaka kuokolewa, na nisikanyage kwake mpaka aniite.

Mama alinisimulia yaliyofuata, maana habari za Kitale zilimfikia hata kama salamu hazikumfikia. Kesho yake asubuhi nyanya alikwenda madukani akarudi na kufuli kubwa. Aliwaambia wapangaji kamba imekatika na kifuniko ni kibovu, wakateke mferejini, yeye atalipia. Hakumwambia mtu yeyote kwamba mjukuu wake alisema kweli. Hakufukia choo. Ila kila siku, baada ya alfajiri na baada ya alasiri, alifungua kufuli, akateka kikombe kimoja, akasema maneno yake, akanywa peke yake, akafunga. Mnywaji ni mmoja, lakini kijito cha thawabu hakijakatika. Huyo ndiye mwanamke aliyenilea.

Nikahitimu. Aliniita. Alichinja mbuzi, akapika pilau ya kulisha msikiti mzima, akakodi viti, akanikalisha mbele nikiwa na joho langu kwenye jua la Kitale la saa saba, jasho linanitiririka, na kila aliyekuja kunipa mkono alilitamka lile jina kwa kicheko. Nilicheka nao. Ningefanya nini? Wageni walipewa maji ya mfereji, yaliyochemshwa, niliona masufuria mwenyewe jikoni. Nikafurahi. Nikasema moyoni, ameelewa, ameona haya tu kusema.

Kisha akaja kwangu na kikombe chake cha bati. Kilikuwa na baridi, na nilijua maji yale kwa baridi yake, nimeyanywa utoto wangu wote.

Aliinama, akanisemesha sikioni, si kwa ukali. Alisema sasa nimemaliza masomo na yeye miguu inamwishia, kushuka pale mara mbili kwa siku hawezi tena kwa muda mrefu. Alisema hana wa kumwachia. Mama yangu alishapotea, na wapangaji si damu.

"Nani atamnywea babu yako?"

Alikuwa ananiomba. Maisha yake yote hakuwahi kuniomba kitu, na siku aliponiomba aliniomba kitu ambacho karatasi yote ile, joho lote lile, miaka yote ile ilikuwa ya kunifundisha kukikataa. Nilitazama kikombe. Mtu mzima angeweza kunywa kikombe kimoja na asipate lolote, nalijua hilo pia, nililisoma. Lakini hakuwa anataka kimoja. Nilimwambia hapana, nyanya.

Alisimama wima. Akakinywa mwenyewe, taratibu, watu wakitazama, akapangusa mdomo kwa leso. Halafu akawageukia wageni akawaambia waliopo wawaambie wasiokuwepo: huyu amesoma mpaka amemnyima babu yake maji. Watu waliinamia sahani zao. Pilau ililiwa yote.

Niliajiriwa Bungoma. Nilipima maji, nilifunga hoteli chafu, nilikoroga unyasi kwenye glasi. Kila mvua ilipoanza nilisubiri simu ya kuniambia nyanya ameharisha, na niwe mkweli, kuna siku niliisubiri kwa hamu, ili tu akubali. Haikuja. Tumbo lake lilikuwa limeyazoea maji yale tangu ujana, na watu wa namna hiyo wapo. Alikufa kwa presha, akiwa mzee sana, kitandani mwake, tumbo safi. Aliyeuawa na maji yale ni yule mtoto tu.

Siku ya mazishi, aliyeniosha utotoni nilimwosha. Kwenye ncha ya leso yake nikakuta ufunguo umefungwa fundo, na kila mwanamke aliyekuwa chumbani alijua ni wa nini. Nikauweka kifuani. Nje wanaume walihitaji maji ya kupikia wageni, mfereji ulikuwa umekauka, na hawakuniuliza. Walivunja kufuli kwa shoka la kupasulia kuni. Niliposikia na kutoka mbio, tayari ndoo ilikuwa inazunguka, na watu wazima kwa watoto walikuwa wakinywa, mmoja baada ya mwingine, Mola amrehemu, Mola amrehemu. Nilipaza sauti. Mzee mmoja wa msikiti alinijibu kwa huruma kabisa, ati binti, si unaona, mwenzio amekunywa hadi uzeeni na hakuugua hata siku moja, sasa ushahidi gani tena unataka? Mwaka mzima wa mihadhara haukuwa na jibu ambalo lingemshinda maiti yule.

 Nyumba na kisima nyanya aliniachia mimi, mbele ya shehe, yeye ambaye hakuniita mjukuu tangu siku ya pilau. Sijui kama ilikuwa adhabu au dua. Matanga yalipokwisha nilikodi lori la murram, ule udongo wa changarawe wa kujazia barabara, na vibarua. Watu walijaa hadi kwenye ua. Waliniita lile jina, lakini sasa hapakuwa na kicheko. Waliniambia namzika babu mara ya pili. Niliwaambia wasogee, lori lirudi nyuma.

Mama wa chapati alikuwa bado anakaa chumba cha mwisho. Miaka yote hiyo, hakuwahi kuhama. Alipita katikati ya watu, mikono ina unga, akaja akasimama mbele yangu, kati ya lori na kisima.

"Usifukie," akasema. "Nyanya yako amekunywa miaka yote na hakuugua. Kwa hivyo si maji. Si ndiyo?"

Akainua mkono wake wa kulia, wenye unga.

"Mtoto wangu alikuwa analilia kikombe. Mimi ndiye nilimpa, kwa mkono huu. Ukifukia, utakuwa umesema mbele ya watu ni mimi nilimuua."

Ningeweza kumwambia hakujua. Mtu husema hivyo. Lakini macho yake hayakuja kutafuta hilo. Alitaka maji yale yawe safi, basi, kama vile nyanya alivyotaka, na alikuwa tayari kuyanywa maisha yake yote ili yabaki safi. Nyuma yake watoto wa ploti walikuwa wamekaa kwenye ukingo wa kisima wakipokezana kikombe cha bati cha nyanya.

Nilimshika mabega nikamsogeza. Hakunipinga, alikuwa mwepesi. Nikawateremsha watoto ukingoni, nikamwambia dereva amwage.

Murram iliingia kwa kishindo na vumbi jekundu likatufunika sote. Watu walianza kutawanyika wakilaani. Yeye alibaki palepale mpaka lori likamaliza kumwaga na shimo likajaa hadi juu. Kisha akajipangusa uso kwa leso, akasema, kwa ile sauti ya mazoea ya mtu aliyesimama kisimani, "Mola amrehemu."

Sikumuuliza anamwombea nani.